Gari la zamani: Kinachookoa chumba cha injini ni praima, si rangi ya juu

Na Mwandishi Wetu

MWENYE kulijua gari la zamani haridhiki kwa kulitazama nje. Hulizunguka mara moja, huisifu rangi yake kwa adabu, kisha huomba boneti ifunuliwe. Hapo ndipo ukweli wa gari hujulikana.

Mara nyingi ukweli huo huwa mchungu. Gari lililotoka gereji miezi michache iliyopita liking'aa kama jipya huonekana chini ya boneti likiwa limeota malengelenge, rangi imebanduka karibu na betri, na kutu inachungulia kwenye maungio ya bati. Mwenye gari humlaumu fundi, fundi huilaumu rangi, na muuza rangi humrudishia lawama fundi.

Kwa kawaida wote watatu huwa wanatazama mahali pasipo na kosa. Rangi ya juu ndiyo inayoonekana, lakini siyo inayolishika bati. Inayolishika bati ni praima, yaani ile rangi ya kwanza ambayo mwenye gari huwa hata haulizi imetoka kopo gani. Praima isipopatana na bati lililo chini yake na rangi iliyo juu yake, hakuna rangi ya bei yoyote itakayodumu.

Suala hili si la anasa kwa Afrika Mashariki. Mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilijenga jina la magari ambayo hadi leo yanapendwa mno. Peugeot 404, kwa mfano, ilishinda mbio hizo mwaka 1963, na kisha 1966, 1967 na 1968. Tangu mwaka 2003 yapo pia mashindano ya Safari yanayoendeshwa kwa magari ya zamani peke yake. Nako Arusha, Oktoba mwaka 2024, lilifanyika tamasha lililokusanya mamia ya magari ya Land Rover, yakiwamo ya miaka mingi.

Viwanda haviyaundi tena magari hayo. Bati la gari la namna hiyo likiliwa na kutu, limekwenda, na kulipata jingine ni kazi na gharama. Ndiyo maana uamuzi wa praima na rangi ya chumba cha injini unastahili kufikiriwa kabla kopo la kwanza halijafunguliwa.

Makala haya yanatumia Land Rover za Series kama mfano, yaani zile zilizoundwa tangu mwaka 1948 hadi 1985. Zimechaguliwa kwa sababu bado zipo nyingi katika eneo hili, na kwa sababu chini ya boneti yake hukutana metali mbili zisizopakwa kwa namna moja. Atakayelielewa gari hilo hatapata taabu na Peugeot, Volkswagen au Datsun, ambazo kwa sehemu kubwa ni za chuma.

Maadui wa rangi chini ya boneti

Chumba cha injini ni mahali pagumu kwa rangi. Adui wa kwanza ni joto. Maji ya kupoza injini iliyokwisha kupata moto hufikia takribani nyuzi 90 za Sentigredi, na rangi nyingi za magari huvumilia kiwango hicho. Lakini manifodi ya ekzosi ni habari nyingine. Injini inapofanya kazi nzito, sehemu hiyo huweza kupita nyuzi 400, na rangi ya kawaida iliyopakwa hapo huungua na kuwa majivu.

Adui wa pili ni vimiminika. Mafuta ya breki ya kawaida, yaani yenye alama ya DOT 3 au DOT 4, yana kemikali za jamii ya glaikoli ambazo hulainisha rangi na kuibandua. Yakimwagika, kufuta kwa kitambaa hakutoshi. Yanapaswa kuoshwa mara moja kwa maji mengi, kwa kuwa yanachanganyika na maji.

Asidi ya betri nayo hupenya penye mkwaruzo mdogo na kula chuma chini kwa chini. Ndiyo sababu kutu mbaya mara nyingi huanzia kwenye sinia ya betri. Kabla ya kupaka chochote hapo, sehemu hiyo huoshwa kwa maji yaliyoyeyushiwa magadi ya kupikia ili asidi iishe nguvu, kisha husuuzwa kwa maji safi. Petroli inayodondoka kutoka kwenye kabureta huyeyusha baadhi ya rangi, hususan zile za selulosi.

Adui wa tatu ni unyevu na chumvi. Wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Chumvi ya upepo wa bahari hujificha ndani ya vishimo vya kutu na kuvuta maji. Ikifunikwa kwa rangi ikiwa bado ipo, itaendelea na kazi yake gizani mpaka malengelenge yatokee.

Adui wa nne ni mtikisiko. Kwenye maungio ya bati, rangi ngumu isiyonyumbulika hupasuka nyufa nyembamba zisizoonekana kwa jicho, na maji hupata mlango.

Metali mbili, tabia mbili

Land Rover ilioneshwa hadharani kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, Aprili 30, 1948. Wakati huo Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hivyo sehemu kubwa ya bodi ya gari hilo ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini na magnesi uliojulikana kwa jina la Birmabright.

Hata hivyo, chesisi ni ya chuma, na ukuta unaotenganisha injini na abiria pia ni wa chuma. Kwa hiyo ukifunua boneti unaona madigadi ya alumini pembeni na ukuta wa chuma nyuma ya injini.

Ukuta huo si pambo. Ndio unaobeba bawaba za milango ya mbele, kioo cha mbele na pedali. Kutu ikiula, pedali ya breki inakuwa imefungwa kwenye bati lisilo na nguvu. Hapo suala si uzuri tena bali usalama wa waliomo ndani na wanaovuka barabara. Bati lililotoboka au linalobonyea kwa ncha ya bisibisi hukatwa na kuchomelewa jingine. Halijazwi puti na kufunikwa kwa rangi.

Chuma hushika kutu haraka lakini hupokea praima kwa urahisi kikisafishwa. Alumini haishiki kutu ya kahawia, bali mara tu inapokwanguliwa hujivika utando mwembamba wa oksaidi ambao rangi nyingi haziushiki vizuri. Ndiyo maana fundi anayepaka alumini kama anavyopaka geti la chuma huona rangi ikivuliwa vipande vizima kama ngozi ya nyoka.

Zaidi ya hayo, chuma na alumini zikigusana penye maji ya chumvi, huzaliwa mkondo mdogo wa umeme unaoila alumini. Unga mweupe unaoonekana kuzunguka bolti za madigadi ndio dalili yake. Dawa ni kuzitenganisha metali hizo: kila upande upakwe praima kabla ya kufungwa, na maungio yatiwe silanti.

Aina za praima na kazi zake

Madukani kuna makopo mengi yenye neno praima, lakini kazi zake zinatofautiana kama zinavyotofautiana panadol na dawa ya minyoo.

Redoksaidi ya kawaida, ile nyekundu ipakwayo kwenye mageti na madirisha ya chuma, ni rahisi na hupatikana kila mahali. Inafaa kwa chuma kilicho mahali pakavu. Haifai kwa alumini, na ikipakwa juu yake rangi yenye thina kali hujikunja. Kwa chumba cha injini ni ulinzi hafifu.

Praima ya asidi ina kiasi kidogo cha asidi ya fosfori inayouma bati na kuipa rangi mahali pa kushikilia. Hupakwa nyembamba mno, karibu bati lionekane kwa ndani. Inafaa sana kwa alumini. Udhaifu wake ni kwamba yenyewe haizuii maji, hivyo lazima ifunikwe na praima nyingine mapema. Pia puti ya poliesta haipakwi juu yake, kwa kuwa asidi huizuia puti kukauka sawasawa.

Praima ya epoksi huja katika makopo mawili: la kwanza ni rangi yenyewe, la pili ni dawa ya kuikazia ambayo mafundi huiita hadina. Vikichanganywa hukazana kwa kemikali na kuwa utando mgumu unaoshika chuma na alumini kwa nguvu na kuzuia maji. Huvumilia mafuta na kemikali nyingi kuliko praima za kopo moja. Udhaifu wake ni jua, ambalo huifanya ichujuke na kutoa unga, lakini chini ya boneti jua si tatizo, na kwa vyovyote itafunikwa na rangi ya juu.

Praima ya kujazia ni nene na kazi yake ni kufuta alama za msasa ili uso uwe laini. Ni nzuri kwa milango na boneti. Si kinga ya kutu, na unyevu huweza kuipenya. Chini ya boneti hutumiwa kidogo, tena juu ya epoksi, si juu ya bati tupu.

Praima ya zinki ina unga mwingi wa zinki unaojitoa mhanga, yaani huliwa wenyewe kabla ya chuma. Inafaa kwa chuma tupu, hasa sehemu zilizochomelewa. Ikipakwa juu ya rangi nyingine haifanyi kazi, kwa kuwa zinki inapaswa kugusana na chuma.

Kwa gari lenye metali mbili, chaguo lisilo na mashaka mengi ni epoksi kwa pande zote mbili, baada ya kila metali kusafishwa na kupigwa msasa ipasavyo. Fundi anayetaka kutanguliza praima ya asidi kwenye alumini asome kwanza maelekezo ya epoksi yake. Epoksi nyingi haziruhusu asidi chini yake, na anayezichanganya kwa kubahatisha hupoteza ubora wa zote mbili.

Yapo mabati ya Land Rover yaliyopakwa zinki kiwandani. Hayo yasipakwe moja kwa moja rangi ya mafuta, kwa sababu mafuta yaliyomo hubadilishwa na zinki kuwa kitu mfano wa sabuni, na rangi huvuka. Epoksi hufaa hapo pia.

Ijue kwanza rangi iliyopo

Si kila gari huvuliwa rangi yote. Kama rangi ya zamani imeshika vizuri, inaweza kuachwa na kupakwa juu yake, ilimradi ijulikane ni ya aina gani.

Kipimo chake ni rahisi. Lowesha kitambaa cheupe kwa thina ya selulosi, kiweke mahali pasipoonekana kwa dakika moja, kisha sugua. Rangi ikiyeyuka na kuhamia kwenye kitambaa, yaelekea ni ya selulosi au akriliki ya kopo moja. Ikijikunja kama ngozi ya maziwa, ni rangi ya mafuta. Isipofanya lolote, ni rangi ya makopo mawili, ambayo magereji mengi huiita 2K.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba rangi yenye thina kali haipakwi juu ya rangi dhaifu. Selulosi au 2K juu ya rangi ya mafuta huiamsha na kuikunja. Rangi ya mafuta juu ya 2K iliyokauka na kupigwa msasa haina tatizo.

Tahadhari moja ni ya lazima. Rangi nyingi za magari ya miaka hiyo zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Rangi ya zamani ipigwe msasa wa maji, si mkavu. Fundi avae barakoa ya kuzuia vumbi, watoto wakae mbali, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Usafi kabla ya msasa

Makosa mengi hutokea kabla praima haijafunguliwa. La kwanza ni kupiga msasa bati lenye grisi. Msasa hauondoi grisi, huishindilia ndani ya mikwaruzo. Utaratibu sahihi ni kuosha kwa sabuni na maji mengi, kukausha, kufuta kwa dawa ya kuondoa mafuta, ndipo msasa ufuate. Baada ya msasa, bati lifutwe tena kwa dawa hiyohiyo.

Wengi hutumia petroli kwa kazi hiyo. Petroli huacha mabaki, tena ni hatari ya moto karibu na betri na cheche. Dawa maalumu inatumika kwa vitambaa viwili: kimoja cha kupakia na kingine kikavu cha kufutia kabla haijakauka.

Chuma chenye kutu kisafishwe mpaka kimeremete. Msasa namba 80 hadi 180 unatosha. Kwa alumini usitumie brashi ya nyaya za chuma, kwa kuwa chembe zake hubaki ndani ya alumini na kuanzisha kuoza. Tumia msasa mpya ambao haujagusa chuma, kisha paka praima siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya saa chache.

Dawa za kugeuza kutu kuwa nyeusi zina mahali pake kwenye vishimo visivyofikika. Nyingi zina asidi, na mabaki yake yasipoondolewa kama kopo linavyoelekeza, epoksi haitashika.

Silanti ya maungio ipakwe juu ya epoksi, si juu ya bati tupu, na iwe ile inayokubali kupakwa rangi. Silanti ya silikoni isiingie kabisa katika gereji ya rangi. Mahali ilipogusa, rangi hukimbia na kuacha vishimo vidogo mfano wa macho ya samaki.

Kabla ya kupuliza, zibeni vizuri nyaya, mirija ya raba na kibao cha namba. Magazeti ya jana yanafaa kwa maeneo mapana, yawe yamekunjwa mara mbili ili rangi isipenye. Namba ya chesisi na ya injini zisifunikwe kwa rangi nzito, kwa kuwa wakaguzi watazihitaji. Mahali waya wa ethi unapofungwa bati libaki tupu, ama sivyo gari litaanza visa vya umeme ambavyo havitaonekana chanzo chake.

Rangi ya juu

Praima ikishakaa sawa, uchaguzi wa rangi ya juu huwa mwepesi. Njia ni tatu.

Rangi ya mafuta ya kopo moja ni nafuu, hupakwa hata kwa brashi na hurekebishika kirahisi. Hukauka polepole na hulainishwa na petroli na mafuta ya breki. Kwa gari la kazi linalotazamwa mara kwa mara, inatosha.

Selulosi ndiyo iliyobadilisha upakaji wa magari katika miaka ya 1920, ilipopunguza muda wa kukauka kutoka siku hadi saa. Hadi leo huwavutia wanaotaka gari libaki kama lilivyotoka kiwandani. Chini ya boneti ina kasoro mbili: petroli huiyeyusha, na ikipulizwa penye unyevu mwingi hugeuka nyeupe kama imepigwa ukungu.

Rangi ya 2K ndiyo imara zaidi dhidi ya mafuta, petroli na kemikali nyingine. Kwa chumba cha injini chagua ile yenye mng'ao wake yenyewe, isiyohitaji kufunikwa na laka. Ni kazi pungufu, na ikikwaruzwa na spana hurekebishwa bila kuvua tabaka mbili.

Kuhusu mng'ao, rangi isiyong'aa huficha mabonde ya bati lakini hushika uchafu na ni ngumu kuosha. Yenye mng'ao wa kati au kamili husafishika kwa kitambaa. Kuhusu rangi yenyewe, magari mengi ya zamani yalipakwa chini ya boneti rangi ileile ya bodi. Anayejali thamani ya gari aifuate. Rangi ya kung'ara ina faida ya ziada: mafuta yakianza kuvuja huonekana siku hiyohiyo, ilhali nyeusi huyaficha. Anayebadilisha rangi ya gari zima akumbuke kuwa rangi imeandikwa katika kadi ya gari na mamlaka husika zinapaswa kuarifiwa.

Manifodi ya ekzosi haipakwi epoksi wala 2K. Hupakwa rangi ya silikoni ya kuhimili joto kali, juu ya chuma kitupu, bila praima ya kawaida. Rangi hiyo hukomaa kwa moto: injini huwashwa kwa muda mfupi, huachwa ipoe, kisha huwashwa tena kwa muda mrefu zaidi kama kopo linavyoelekeza.

Kiasi gani kitatosha

Hesabu yake si ngumu. Chukulia epoksi ambayo nusu ya ujazo wake ndiyo inayobaki baada ya kukauka. Lita moja, ikipakwa unene wa maikroni 50 kavu, hufunika mita za mraba 10 kama hakuna kinachopotea. Kwa bomba la kupulizia, nusu huweza kupotea hewani, hivyo zibaki 5. Eneo la mita za mraba 3 likipakwa mara mbili ni mita 6. Lita moja haitatosha, na fundi anayesema itatosha ataongeza thina ili ifike.

Uwiano wa rangi na hadina hupimwa kwa kikombe chenye vipimo, si kwa jicho. Hadina ya kampuni moja haichanganywi na rangi ya nyingine. Hadina nyingi haimaanishi kukauka upesi, bali rangi dhaifu.

Hali ya hewa ina sauti pia. Bati linapaswa kuwa na joto linalozidi kwa nyuzi 3 au zaidi kiwango ambacho umande huanza kushika. Hewa ikiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida Pwani, umande hushika kwenye bati lenye nyuzi 26. Bati lililolala nje usiku linaweza kuwa chini ya hapo asubuhi na mapema. Subiri lipate joto, na msimu wa masika tafuta siku kavu.

Mapafu ya fundi

Limebaki jambo ambalo wateja wengi hawaulizi. Hadina ya rangi nyingi za 2K ina kemikali ziitwazo isosianeti. Zikipulizwa na kuvutwa puani huweza kusababisha pumu, na ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya pumu inayotokana na kazi. Mtu ambaye mwili wake umekwisha kuzikataa huweza kubanwa na kifua hata kwa kiasi kidogo mno, na mara nyingi hulazimika kuiacha kazi hiyo.

Ubaya wake ni kwamba hazitoi harufu ya kutahadharisha. Harufu anayoisikia fundi ni ya thina. Kitambaa kilichofungwa usoni au barakoa ya karatasi havizuii chochote. Hata barakoa zenye vichujio vya mkaa hazihesabiwi kuwa kinga ya kutosha kwa kazi ya kupuliza 2K. Kinachopendekezwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, katika chumba maalumu chenye feni za kutoa hewa chafu.

Praima za epoksi kwa kawaida hazina isosianeti, lakini hadina yake huweza kuleta mzio wa ngozi. Glovu na miwani ni lazima, na kichujio cha mvuke kinahitajika kwa ajili ya thina.

Kwa hiyo gereji iliyo uani, katikati ya nyumba za watu, isiyo na vifaa hivyo, haipaswi kupuliza 2K. Hapo mwenye gari ana njia mbili za haki: alipeleke gari kwenye gereji yenye chumba cha rangi, au akubali epoksi ikifuatwa na rangi ya mafuta, akijua ataigusia tena baada ya miaka michache. Epoksi iliyo chini itakuwa bado inalinda bati.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mwenye gari hahitaji kuwa fundi ili asidanganywe. Yatosha aulize: Bati lenye kutu litakatwa au litajazwa puti? Alumini na chuma vitapakwa praima gani? Juu ya praima hiyo itakuja rangi ya aina ipi, na makopo yanasema zinapatana? Kati ya tabaka moja na jingine patapita muda gani? Na anayepuliza atavuta hewa kutoka wapi?

Fundi mzuri hatakasirishwa na maswali hayo. Atafurahi kuwa safari hii amepata mteja anayejua kwamba siku mbili za kuosha na kupiga msasa ni kazi, si uvivu.

Aombe pia gari lionwe likiwa na praima tu, kabla ya rangi ya juu. Hiyo ndiyo siku ya kulikagua. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, na kwa gari la zamani uundaji wenyewe ni ule ambao hautaonekana tena rangi ikishapakwa.